Kiungo chipukizi, uliza kwanza utacheza wapi

Swali ninaloulizwa sana na viungo chipukizi, na zaidi na wazazi wao, ni klabu ipi wachague kati ya mbili au tatu zinazowataka. Nami huwauliza: ni ipi utakayocheza? Ubora wa kambi ya mazoezi na wingi wa mashabiki tutauzungumza baadaye. Kwanza nataka kujua ni wapi, siku ya mechi ikifika, jina lako litakuwa kwenye kikosi kinachoanza, au angalau utakuwa unaingia dakika ya 60 mara kwa mara. Nimecheza dimba la kati miaka mingi kama mchezaji wa kulipwa, sasa nafundisha timu ya vijana, na kila nikitazama nani alifika na nani aliishia njiani, naona jibu la swali hilo lilikuwa na uzito kuliko hata kipaji.

Nasema hivi kuhusu kiungo hasa, kwa sababu nafasi yake ina mambo yake. Winga analindwa na mstari wa pembeni upande mmoja. Beki wa kati anauona karibu uwanja wote ukiwa mbele yake. Mshambuliaji anaweza kusugua benchi wiki tatu, akaingia dakika ya 80, akafunga, na kesho yake kila mtu anamtaja. Kiungo wa kati anakabwa mbele, nyuma na pembeni kwa wakati mmoja, na kazi yake haipimwi kwa tukio moja. Kujua lini upoze mchezo na lini uuchangamshe, lini upande na lini ubaki kuwalinda mabeki, ni mambo ambayo mazoezi yanakuonjesha tu. Mazoezini unamjua kila anayekukaba, unajua mguu wake na tabia zake, na ukipokonywa mpira kocha anapuliza filimbi mnaanza upya. Kwenye mechi ukipokonywa katikati wakati mabeki wako wa pembeni wameshapanda, sekunde chache baadaye golikipa wako anautoa mpira wavuni. Unalibeba somo hilo mwilini, na wiki inayofuata unajiweka mahali pengine bila kuambiwa.

Kabla sijafika kwenye mikataba na kutolewa kwa mkopo klabu nyingine, niseme kuhusu shingo, yaani kugeuza kichwa kutazama kabla ya kupokea mpira, maana bila hiyo dakika zote utakazopata zitakupita tu.

Kocha wangu wa kwanza katika timu ya wakubwa alikuwa na zoezi moja alilolipenda. Anasimama nyuma yangu hatua kama kumi, ana koni mkononi za rangi tatu. Mwenzangu ananipigia pasi. Mpira ukiwa njiani kocha anainua koni moja, nami natakiwa niitaje rangi yake kwa sauti kabla mpira haujagusa mguu wangu, kisha nigeuke upande aliousema kwa rangi hiyo. Nyekundu, rudisha ulikotoka. Kijani, geuka nao. Njano, gusa mara moja kwenda pembeni. Mwanzoni naitaja rangi sahihi lakini mpira unanipita chini ya soli. Baada ya wiki kadhaa macho yakazoea kutoka kwenye mpira na kurudi, na nikaanza kuona kitu cha ajabu kwenye mechi: wapinzani walionekana wamepunguza kasi. Hawakupunguza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshajua walipo.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ametumia miaka mingi kurekodi viungo wa ligi kubwa kwa kamera zinazomfuata mchezaji mmoja tu, akihesabu mara wanazogeuza kichwa kabla ya kupokea mpira. Alichokiona ni kwamba wanaotazama mara nyingi ndio wanaofanikiwa zaidi katika pasi za kwenda mbele. Ukimtazama Xavi enzi zake Barcelona, acha mpira ulipo umtazame yeye peke yake kwa dakika tano. Kichwa hakitulii. Na wakati mzuri wa kutazama una siri yake: ni pale mpira unaposafiri kutoka kwa mwenzako mmoja kwenda kwa mwingine. Mpira ukiwa njiani hakuna anayeweza kuubadilisha mwelekeo, kwa hiyo hukosi kitu ukiuacha kwa nusu sekunde. Tazama wakati huo, na tazama tena muda mfupi kabla haujakufikia. Simama ubavu, usiipe pasi kifua chote, na upokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka. Ukipokea kwa mguu ulio karibu unajifunga mwenyewe, na umebaki na njia moja tu, ya kurudisha nyuma.

Vijana wengi wanaona haya kuwa mambo madogo. Wanataka wajifunze pasi ya mwisho na mashuti ya mbali. Katika dakika 90 kiungo anakimbia kilomita 10 hadi 12, na mpira anakuwa nao mguuni dakika chache mno. Muda wote uliobaki anafanya kazi bila mpira. Huyo ambaye hajajifunza kufanya kazi bila mpira anafundishika, lakini anafundishika akiwa anacheza.

Basi turudi kwenye dakika.

Luka Modrić alikuwa na umbo dogo, na wapo waliomkataa kwa sababu hiyo. Dinamo Zagreb ya kwao Kroatia walimchukua, kisha akiwa na miaka 18 wakampeleka kwa mkopo Zrinjski Mostar huko Bosnia, kwenye ligi ya ubabe ambayo kijana mwembamba asingeichagua mwenyewe. Alicheza msimu, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Akapelekwa tena kwa mkopo Inter Zaprešić. Ndipo akarudi Dinamo akiwa mtu mwingine. Tottenham walimsajili mwaka 2008, Real Madrid mwaka 2012, na Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, aliichukua mwaka 2018 akiwa na miaka 33. N'Golo Kanté akiwa na miaka 21 alikuwa Boulogne, daraja la tatu la Ufaransa. Kutoka hapo Caen, kutoka Caen kwenda Leicester City mwaka 2015, na mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza. Mwaka 2017 akawa bingwa tena na Chelsea, na mwaka 2018 bingwa wa dunia. Hao wote wawili walikuwa wakicheza kila wiki katika miaka ambayo wenzao wenye majina makubwa walikuwa wamekaa jukwaani wamevaa suti za klabu.

Pedri naye ni mfano wa aina nyingine. Barcelona walishakubaliana na Las Palmas kumchukua mwaka 2019, lakini alibaki msimu mzima akicheza daraja la pili la Hispania, tena akiwa anaanza, na akahamia mwaka 2020. Alipofika hakuwa mtoto wa akademi anayesubiri kuzoeshwa. Alikuwa ameshapigwa viwiko na wanaume. Jude Bellingham alianza kuichezea Birmingham City akiwa na miaka 16, na alipoondoka mwaka 2020 alienda Borussia Dortmund, klabu inayojulikana kwa kuwapanga vijana bila woga. Akakaa misimu mitatu ndipo akaenda Real Madrid. Familia yake ilipiga hesabu vizuri, na nawashauri wazazi waitazame njia hiyo kwa makini.

Ukiambiwa utatolewa kwa mkopo, usikasirike. Uliza maswali. Nani amekutaka, ni kocha au ni mkurugenzi wa michezo? Kocha akikutaka yeye mwenyewe, utacheza. Ukipelekwa kwa sababu klabu mbili zina urafiki, kocha anaweza kukupokea kama mgeni asiyemwalika. Huyo kocha ana hali gani, timu yake inashinda au kibarua kiko mashakani? Akifukuzwa mwezi wa tatu, anayekuja hana deni nawe. Anacheza na viungo wangapi, wawili au watatu? Wewe ukiwa namba 8 unayependa kupanda, timu inayocheza na viungo wawili pale kati itakufunga minyororo. Tazama mechi zao kadhaa kabla hujasaini. Siku hizi mechi za karibu kila ligi zinapatikana kwenye intaneti, na kijana anayeenda mahali bila kutazama hata mechi moja ya timu hiyo ananisikitisha.

Kuna kanuni ya FIFA ambayo vijana wengi hawaijui mpaka iwabane: katika msimu mmoja unaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, na kuchezea mechi rasmi klabu mbili tu kati ya hizo. Maana yake ni kwamba ukiichezea klabu mama hata dakika kumi za kombe mwezi wa nane, ukatolewa kwa mkopo, ukacheza mechi moja kule, kisha mkopo ukavunjika mwezi wa kwanza, unaweza kurudi nyumbani lakini huwezi kuichezea ya tatu hadi msimu uishe. Zile dakika kumi za furaha zinaweza kukufungia nusu msimu. Kwa hiyo kama unajua utaondoka, zungumza na klabu mapema, uondoke kabla msimu haujaanza, ukafanye nao maandalizi ya msimu mpya. Anayefika siku ya mwisho ya dirisha la usajili anawakuta wenzake wameshapangwa.

Nafasi yako uwanjani nayo isikufunge macho. Andrea Pirlo alikua akiwa namba 10, kiungo mshambuliaji, na Inter hakupata nafasi ya kudumu. Mwaka 2001 akapelekwa Brescia kwa mkopo, akamkuta Roberto Baggio ndiye mwenye nafasi hiyo. Kocha Carlo Mazzone akamrudisha nyuma, mbele ya mabeki, aanzishe mashambulizi kutoka huko. Mwaka huohuo akaenda AC Milan, na mwaka 2006 alitwaa Kombe la Dunia akicheza hapohapo. Kocha akikuambia ucheze namba 6, kiungo mkabaji, wakati moyo wako uko kwenye namba 10, kubali na ukacheze kwa nguvu zote. Ninapopanga kikosi nikiwa na viungo sita na nafasi tatu, yule anayeweza kunitatulia matatizo mawili haachwi nyumbani. Hata hivyo uwe na kazi moja unayoiweza kuliko wote waliomo kikosini. Iwe kupokonya mipira, iwe kupasua mistari kwa pasi za chini, iwe kupiga mipira iliyokufa. Kocha akihitaji kitu hicho, awe anaona sura yako.

Na mguu wa pili. Siandiki mengi kuhusu huo. Kiungo asiyetumia mguu wa pili anakabwa upande mmoja, na kila mchambuzi wa wapinzani ataliona hilo katika mechi ya kwanza.

Ukikaa benchi, na utakaa, jiulize kwa nini, kisha muulize kocha. Usimtume wakala, usimtume baba. Nenda mwenyewe, siku ya mazoezi mepesi, kamwe usiende siku ya mechi, na swali liwe moja: kuna kitu gani nikikifanya vizuri zaidi nitakuwa karibu na kikosi? Usimtaje mchezaji mwenzako. Mimi nikiulizwa hivyo na kijana namjibu ukweli, na wiki zinazofuata namfuatilia kuona kama amelifanyia kazi. Mwingine anayekuja kuniuliza kwa nini fulani anacheza na yeye hachezi, ananifanya nizungumze kuhusu fulani, na tunaachana bila kumsaidia. Wakati unasubiri, omba kuchezea timu ya akiba. Wapo wanaoona ni kushushwa. Dakika 90 za timu ya akiba zina faida kwa kiungo kuliko kupasha misuli moto nyuma ya goli huku wenzako wanacheza mbele ya mashabiki elfu 50.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, na hapo ndipo naomba unisikilize kwa makini zaidi. Dakika zinaweza kuzidi. Pedri huyohuyo, msimu wake wa kwanza Barcelona wa 2020–21, ukijumlisha klabu, timu ya taifa, Euro na Olimpiki, alicheza mechi zaidi ya 70. Alikuwa na miaka 18. Misimu iliyofuata misuli ya paja ilimsumbua tena na tena. Jack Wilshere alianza kuichezea Arsenal akiwa na miaka 16, akapelekwa kwa mkopo Bolton mwaka 2010 akarudi amekomaa, na msimu wa 2010–11 akawa nguzo ya timu. Msimu uliofuata wote aliukosa kwa jeraha la kifundo cha mguu. Alistaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 30. Jeraha halina sababu moja, na sitaki kuwalaumu madaktari wala makocha nisiowajua. Ninachosema ni kwamba mwili wa miaka 18 unaficha uchovu. Unaamka asubuhi unajisikia mzima, unaomba kucheza, kila mtu anafurahi, na msuli unaendelea kulegea mahali usipopaona.

Kwa hiyo uwe na daftari. Kila siku andika umelala saa ngapi, misuli inauma wapi, mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani kati ya 1 na 10. Klabu kubwa zina vifaa vya GPS vinavyovaliwa mgongoni na watu wa kusoma namba zake, lakini wewe ndiye pekee unayejua kwamba juzi ulipokata kona ulihisi kamba ikivuta nyuma ya paja. Liseme. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuwa akificha maumivu ya kinena kwa kuogopa kupoteza namba. Nilimgundua kwa sababu aliacha kupiga pasi ndefu za upande wa kulia. Alikuwa anageuza mwili wote ili asifungue nyonga. Tulimpumzisha wiki tatu. Angeendelea mpaka msuli ukatike, ingekuwa nusu msimu.

Programu ya FIFA 11+ ya kupasha misuli inachukua kama dakika 20, haihitaji vifaa, na tafiti zimeonyesha inapunguza majeruhi kwa timu zinazoifanya mara kwa mara. Ndani yake lipo zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele taratibu huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu. Linauma mwanzoni. Usiliruke hilo, maana ndilo linaloimarisha msuli wa nyuma ya paja, ambao viungo wengi huumia. Mabinti nawasisitizia zaidi, kwa kuwa kano ya ndani ya goti (ACL) inachanika kwao mara nyingi kuliko kwa wavulana. Alexia Putellas, kiungo wa Hispania, alichanika mwaka 2022 siku moja kabla ya Euro kuanza, akiwa ndiye mwenye Ballon d'Or. Alikaa nje miezi mingi bila kukimbilia kurudi, na mwaka 2023 alitwaa Kombe la Dunia na Hispania. Ukipata jeraha hilo, anayekuambia utakuwa fiti baada ya miezi minne mkatae. Miezi tisa ndiyo hesabu ya kawaida, na mara nyingi inazidi.

Sasa mikataba, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mkataba unasomwa ukurasa baada ya ukurasa, mezani, kwa lugha unayoielewa, na mwanasheria asiyelipwa na klabu. Kama umeandikwa kwa lugha nyingine, dai tafsiri kabla ya kalamu. Kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka mitano, isipokuwa sheria za nchi ziruhusu zaidi, na aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Ukiwekewa miaka mitano ukiwa na miaka 16, ujue anayekuwekea ama hajui sheria ama anajua kwamba wewe huijui. Uhalali wa mkataba hauruhusiwi kutegemea vipimo vya afya. Vipimo hufanywa kwanza, ndipo mnasaini. Angalia pia maneno "nyongeza ya mwaka kwa hiari ya klabu". Kipengele hicho kinaipa klabu mwaka mmoja wa maisha yako kwa mshahara wa zamani, na kiungo aliyechanua akiwa na miaka 20 anajikuta analipwa kama alivyokuwa na miaka 17. Ikiwa lazima kiwepo, dai kiandikwe kwamba mwaka huo ukiongezwa, mshahara unapanda kwa kiasi fulani. Na bonasi ziambatane na mechi ulizocheza, si na mabao, kwa sababu wewe ni kiungo.

Miezi sita ya mwisho ya mkataba ni yako. Unaruhusiwa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine utakayojiunga nayo mkataba ukiisha. Klabu inayokupiga danadana kuhusu mkataba mpya inajua tarehe hiyo vizuri, nawe uijue. Kuna kanuni nyingine inayomruhusu mchezaji aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo, lakini inamhusu mchezaji aliyekwisha kumaliza kipindi cha kukuzwa, na ana siku 15 tu baada ya mechi ya mwisho ya msimu kuitumia. Kijana wa miaka 18 asiitegemee. Kinga yake ni kuchagua vizuri mwanzoni.

Wakala awe na leseni ya FIFA. Orodha ya walio na leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA, tafuta jina lake kabla hujampa namba ya simu ya mama yako. Mkataba wake nawe hauzidi miaka miwili, na haujiongezi wenyewe. Ukiisha mnasaini upya au mnaachana. Tangu mwaka 2015 hairuhusiwi mtu au kampuni kumiliki sehemu ya thamani ya uhamisho wako, kwa hiyo anayekuja na karatasi inayosema amekulipia viatu na nauli, naye atachukua asilimia 30 ukiuzwa, mwambie aondoke nayo. Anayetaka umlipe fedha ili akupeleke kwenye majaribio nchi nyingine, mwambie vivyo hivyo. Uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 umepigwa marufuku isipokuwa kwa masharti machache sana, na vijana waliotelekezwa kwenye miji ya watu bila klabu, bila tiketi ya kurudi, walianza safari kwa maneno mazuri kama hayo.

Nimewahi kucheza katika klabu iliyochelewesha mishahara mwezi baada ya mwezi huku ikituahidi kila Ijumaa. Tulichofanya wachezaji kilitusaidia: tuliacha kuulizana vyumbani tukaandika barua, tukaipeleka kupitia chama cha wachezaji. Kanuni inasema mishahara ya miezi miwili isipolipwa, mchezaji anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Ni ya maandishi. Ujumbe wa simu kwa meneja, hata ukiwa na hasira kiasi gani, haukulindi. Tunza kila karatasi, kila stakabadhi ya benki, kila barua uliyopokea. Jiunge na chama cha wachezaji siku unaposaini mkataba wa kwanza, ukiwa huna tatizo lolote, kwa sababu ukiwa na tatizo utajikuta unamtafuta mtu wa kukuelekeza ofisi ilipo.

Kuhusu fedha sina mengi. Mchezo huu mara nyingi unaisha kabla hujafika miaka 35, na ada ya kusaini inaonekana kubwa kwa sababu inakuja kwa mkupuo. Igawanye kwa miezi ya mkataba wote ndipo uone mshahara wako wa kweli ni kiasi gani. Shule usiiache, nimeona kiungo akisoma kozi ya uhasibu kwenye basi la timu, na hakuna kocha aliyemkataza.

Jambo la mwisho ni karatasi ambayo karibu hakuna kijana anayeiulizia. Kila mchezaji ana pasipoti ya mchezaji inayotunzwa na chama cha soka, yenye klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Kwa kutumia karatasi hiyo ndipo hugawanywa fidia ya mafunzo, na pia ile asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayokwenda kwa klabu zilizomlea akiwa kati ya miaka 12 na 23. Klabu ndogo isipoandikwa humo haipati kitu, na mara nyingi haijui kwamba ilistahili kupata. Omba nakala kabla ya uhamisho wako wa kwanza wa kimataifa, uisome tarehe kwa tarehe. Ukikuta msimu umerukwa, mtafute katibu wa klabu yako ya utotoni akuletee fomu za usajili za mwaka ule, na marekebisho yafanyike kabla hujasaini, kwa sababu baada ya kusaini kila mmoja atakuwa na haraka ya mambo yake.